Kupanda Wamejaribu, Kushuka Je?

Ujumbe wenyewe sote tunaujua. Unaingia kwenye simu jioni: ndugu mteja, huduma zetu hazitapatikana kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri kutokana na maboresho ya mfumo, tunaomba radhi kwa usumbufu. Wengi huufuta kabla hata ya kufika kwenye radhi. Dereva wa lori aliye njiani kwenda Tunduma anatoa hela mapema, mwenye duka la dawa ananuna kidogo, maisha yanaendelea. Alfajiri huduma imerudi, na hakuna anayeuliza usiku ule wenzetu walikuwa wakifanya nini.

Walikuwa wakifanya kazi inayotaka roho ngumu. Mafundi wachache wamekaa mbele ya skrini, mmoja yuko kwenye simu na kampuni iliyotengeneza programu, na mbele yao ipo orodha ya hatua: simamisha huduma, chukua nakala ya data, ondoa toleo la zamani, weka jipya, washa, tuma shilingi mia kwenda namba ya majaribio uone kama inafika. Orodha hiyo haikutungwa usiku huo. Kama ofisi inajiheshimu, kila hatua imeshapitiwa wiki kadhaa kabla kwenye seva ya majaribio, mashine inayofanana na ile ya kazi lakini isiyoshika fedha ya mtu, na makosa yote ya aibu yamefanyikia huko.

Sasa tazama mwisho wa orodha. Mara nyingi inamalizikia kwa mstari mmoja mfupi: ikishindikana, rudisha toleo la awali. Hatua zilizo juu yake zimejaribiwa, zimepimwa muda, zimepewa majina ya wahusika. Mstari huu haujajaribiwa na mtu. Umeandikwa kama dua. Mpanda ngazi hushuka, walisema wazee wakiwalenga wenye vyeo, na nadhani hawakuwahi kupata mfano mzuri kuliko watu wa seva.

Kisa kikubwa cha aina hii kilitokea Uingereza. Jumapili ya tarehe 17 Juni 2012, mafundi wa kundi la benki la RBS waliweka toleo jipya la programu inayopanga kazi za usiku za benki zake mbili, NatWest na Ulster Bank. Programu ya namna hii mteja haioni kamwe. Ni nyapara. Mchana kutwa benki inapokea mishahara, hundi, marejesho ya mikopo, bili za umeme. Usiku nyapara anaziita kazi moja baada ya nyingine kwa zamu yake, hii kwanza, ikikamilika ile, halafu riba, halafu salio jipya la kila akaunti liwe tayari kabla matawi hayajafunguliwa. Kazi moja ikigoma, zote zinazoisubiri zinasimama nyuma yake.

Toleo jipya lilipoanza kufanya kazi, mafundi waliona mambo hayaendi sawa. Jumanne ya tarehe 19 wakaamua kuliondoa na kurudi kwenye lile la zamani. Ukiusikia uamuzi huo juu juu, ni wa busara kabisa: kitu kipya kinasumbua, rudisha kilichokuwa kikifanya kazi. Ila hakuna aliyekuwa amejaribu kuona kurudi huko kungeleta nini. Toleo jipya na la zamani hayakupatana, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kweli. Kazi za usiku mmoja hazijaisha, za usiku unaofuata zimeshafika mlangoni. Kila siku deni likakua.

Wateja wapatao milioni 6.5 nchini Uingereza waliguswa. Mishahara ilikuwa imelipwa lakini haionekani. Salio kwenye mashine ya kutolea fedha lilikuwa la siku zilizopita. Waliokuwa safarini nje ya nchi walibaki na kadi zisizotoa kitu. Kwa wengi hali ilitengemaa baada ya wiki moja hivi. Wa Ulster Bank ndio walioumia zaidi: Benki Kuu ya Ireland ilieleza baadaye kwamba wateja wapatao 600,000 walikosa huduma za msingi katika kipindi cha siku 28, ikaitoza benki hiyo faini ya euro milioni 3.5. Wasimamizi wawili wa Uingereza walitoza kundi zima pauni milioni 56 mnamo Novemba 2014, milioni 42 upande mmoja na milioni 14 upande wa pili. Katika sababu zilizotajwa, ile ya kuondoa toleo jipya bila kwanza kupima matokeo yake ilielezwa waziwazi.

Nikisoma habari hii kinachonishtua si ukubwa wa faini. Ni kwamba kosa lilifanyika pale ambapo wahusika walidhani wanajiokoa.

Wiki sita tu baada ya mkasa wa RBS, Agosti 1, 2012, ng'ambo ya bahari, kisa kilijirudia kwa sura nyingine, na safari hii hakikuhitaji wiki. Kilihitaji dakika 45. Knight Capital ilikuwa miongoni mwa madalali wakubwa wa hisa nchini Marekani. Soko la hisa la New York lilikuwa linaanzisha utaratibu mpya wa maagizo ya wawekezaji wadogo, na Knight ikaandika programu mpya ya kushiriki. Iliwekwa kwenye seva nane, na haikuwekwa kwa pupa: kuanzia Julai 27 waliiweka hatua kwa hatua, seva chache leo, nyingine kesho, kama vitabu vyote vya fani vinavyoshauri. Lakini fundi mmoja alisahau seva ya nane. Hakukuwa na mtu wa pili wa kukagua, wala utaratibu ulioandikwa uliomtaka mtu huyo awepo.

Kwenye seva hiyo ya nane mlikuwa bado na programu ya zamani iliyoitwa Power Peg, ambayo Knight iliacha kuitumia tangu mwaka 2003 bila kuifuta. Programu mpya ilitumia alama ileile ya kuwashia ambayo zamani iliiamsha Power Peg. Kwenye seva saba alama hiyo iliwasha kitu kipya. Kwenye ya nane ilifufua maiti. Na maiti ilifufuka ikiwa na kasoro, kwa kuwa mwaka 2005 sehemu iliyohesabu hisa zilizokwisha kununuliwa ilihamishwa mahali pengine. Power Peg haikujua agizo limekamilika. Ikaendelea kutuma.

Soko lilifunguliwa saa tatu na nusu asubuhi. Maagizo madogo 212 ya wateja yalizaa miamala zaidi ya milioni nne, katika hisa za kampuni 154. Mafundi walipohangaika kutafuta chanzo, wakafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya: wakaiondoa programu mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa nzima. Wakarudi nyuma. Alama ya kuwashia ikabaki vilevile kwenye maagizo yaliyokuwa yakiingia, na sasa seva zote nane zikawa zinaamsha Power Peg. Hasara ilipita dola milioni 460. Mwaka uliofuata Knight iliunganishwa na kampuni ya Getco, na msimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani akaitoza faini ya dola milioni 12. Katika hati ya msimamizi huyo kuna jambo moja dogo linalouma: tangu saa mbili na dakika moja asubuhi, kabla soko halijafunguliwa, mfumo wenyewe ulikuwa umetuma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja hitilafu na kuitaja Power Peg kwa jina. Hazikuwekwa kuwa kengele ya hatari, basi hazikushughulikiwa.

Kwa nini kurudi ni kugumu hivyo? Mtu wa nje anafikiri programu ni kama faili kwenye kompyuta yake: ukilipachika vibaya unalifuta, unarudisha la jana. Kwa programu ndogo ni kweli. Kwa seva inayoshika kumbukumbu za watu si kweli, maana toleo jipya halikai pembeni ya data, linaigusa. Linaongeza safu kwenye majedwali, linabadilisha namna tarehe inavyoandikwa, linapanga upya faharasa. Toleo la zamani likirudishwa linakuta nyumba imebadilishwa vyumba.

Watengenezaji wenyewe wanalisema hili bila kuficha, ila wanalisema katika kurasa ambazo watu huzifungua wakiwa wameshachelewa. MySQL, hifadhidata inayobeba tovuti nyingi duniani, ilipofika toleo la 8.0 iliweka wazi kwamba kushuka kwenda 5.7 hakuruhusiwi: unachoweza ni kurejesha nakala uliyoichukua kabla ya kupanda. PostgreSQL ina chombo cha kuhamisha data kwenda toleo jipya kwa haraka sana, kwa kuyatumia mafaili yaleyale badala ya kuyanakili. Kasi hiyo ina bei. Ukishaiwasha hifadhidata mpya kwa njia hiyo, ya zamani si salama kuiwasha tena. Fundi anayeipima njia hii kwenye seva ya majaribio ataona dakika mbili tatu na atafurahi. Ajaribu na kurudi.

Hata vifurushi vya Linux vimejengwa kwa kwenda mbele. Debian, ambayo ni msingi wa seva nyingi zikiwemo za hapa kwetu, inavipitisha vifurushi kwenye ngazi tatu. Kipya kinaingia kwanza kwenye tawi lisilotulia. Kikikaa siku kadhaa bila kasoro kubwa kinahamia tawi la majaribio. Na miaka miwili hivi ikipita, tawi hilo likishagandishwa na kusafishwa, ndipo linakuwa toleo tulivu ambalo ofisi zinaliamini. Ni shamba kubwa la majaribio linaloendeshwa na watu wa kujitolea, na Machi 2024 lilionyesha thamani yake. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya hifadhidata kwenye mashine yenye lile tawi lisilotulia. Akaona kuingia kwenye mashine kwa mbali kunachelewa kiasi cha nusu sekunde na kula nguvu ya kompyuta bila sababu. Wengine wangepuuza. Yeye akachimba, na tarehe 29 akatangaza kwamba kifurushi cha kubana mafaili kiitwacho xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, kilikuwa kimetiwa mlango wa siri kwa makusudi. Kilikuwa hakijafika kwenye toleo tulivu.

Mbiu hiyo imeandikwa sana. Kilichonivutia mimi ni jambo la pembeni ambalo halikupata kelele. Debian ilitaka kuwarudisha watu kwenye 5.4.5, toleo lililokuwa safi. Lakini mfumo wake wa vifurushi ukiona namba ndogo unaikataa. Unapokea kubwa tu. Basi wakatoa kifurushi chenye namba 5.6.1+really5.4.5-1: kwa nje ni kipya zaidi ya 5.6.1, kwa ndani ni kilekile cha zamani. Walirudi nyuma wakiwa wameangalia mbele. Ujanja huo haukubuniwa siku hiyo, wahifadhi wa vifurushi wanaujua siku nyingi, na ndiyo maana ulifanyika kwa utulivu.

Wapo wahandisi wanaosema tuache kabisa habari za kurudi. Kikiharibika kitu, tengeneza toleo jingine lenye marekebisho ulipeleke haraka. Sina ugomvi nao, mradi wawe wamelifanyia mazoezi hilo pia. Na wawe wameuliza: mashine iliyoanguka itawezaje kulipokea hilo toleo la marekebisho?

Swali hilo lilijibiwa asubuhi ya Ijumaa, Julai 19, 2024. Saa moja na dakika tisa kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama wa mitandao ya CrowdStrike ilituma faili dogo la maelekezo kwa kompyuta za Windows zenye programu yake ya Falcon. Halikuwa hata toleo jipya la programu, lilikuwa maelezo tu ya nini cha kuchunguza, na mafaili ya aina hiyo yalikuwa yakitumwa kwa wateja wote kwa mpigo. Programu ilitarajia vitu 20, maelekezo yakazungumzia cha 21. Ilipokwenda kukitafuta ikagusa sehemu ya kumbukumbu isiyokuwa yake, na kwa kuwa ilikuwa ikifanya kazi ndani ya kiini cha mfumo endeshi, ikaiangusha mashine nzima. Skrini ya bluu.

Majaribio yalikuwepo, hilo lisisahaulike. Muundo wa maelekezo hayo ulikuwa umepimwa Machi, na mafaili kadhaa ya aina hiyo yalitumwa Aprili bila shida. Ila katika vipimo vyote kile cha 21 kilikuwa kimewekewa alama ya kukubali chochote, kwa hiyo hakuna aliyewahi kukigusa. Na chombo cha kukagua mafaili kabla hayajatumwa kilikuwa na kasoro yake, kikalipitisha. Kampuni ilijiamini kwa sababu ya jana.

Marekebisho yalitolewa baada ya dakika 78. Haraka sana. Yalifaa kwa mashine ambazo hazijalipokea lile faili. Zilizokwisha kulipokea zilikuwa zikiwaka na kuanguka, zikiwaka na kuanguka, nyingi zikikosa nafasi ya kufika mtandaoni kuchukua dawa. Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5. Njia ya kurudi ikawa ni mtu, kwa miguu yake, aende kwenye kila mashine, aiwashe katika hali salama, atafute faili moja alifute. Ambapo diski ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, alihitaji kwanza ufunguo wa tarakimu 48. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari zipatazo 7,000 katika siku zilizofuata. Baada ya hapo ndipo CrowdStrike ilipoanza kutuma mafaili hayo kwa makundi, wachache kwanza, na kuwapa wateja nafasi ya kuchagua wayapokee lini.

Mtu wa TEHAMA katika halmashauri au SACCOS yenye seva mbili na bajeti ya kubembeleza atasema hadithi za New York hazimhusu. Zinamhusu, na kwa bahati nzuri siku hizi gharama imeshuka. Seva nyingi sasa ni mashine za ndani ya mashine. Unaweza kuchukua picha ya ile ya kazi, ukaizindua pembeni, ukaifunga isifike mtandaoni ili isije ikawatumia watu meseji za kweli, ukaipandisha toleo na kuishusha mpaka uchoke. Jambo moja la kusisitiza: iwe na data ya ukubwa halisi. Seva ya majaribio yenye wateja mia mbili wa kubuni itabadilisha majedwali yake kwa kufumba na kufumbua, na hicho si kipimo cha kitu. Majina na namba za simu zifichwe, ukubwa ubaki. Na kifurushi kinachopimwa kiwe kilekile kitakachokwenda kazini, alama yake ya uhakiki ilinganishwe herufi kwa herufi, si kingine kilichopakuliwa upya usiku wa kazi kwa sababu cha kwanza kimepotea kwenye flashi.

Picha ya mashine, hata hivyo, inadanganya watu. Inarudisha seva ilivyokuwa saa sita usiku. Kama saa kumi alfajiri ulifungua huduma, wakulima wakaanza kulipwa, wanafunzi wakalipa ada, kisha saa mbili asubuhi ukagundua kasoro na kuirudisha picha, miamala yote ya katikati imefutika kwenye vitabu vyako ilhali hela imeshahama mikononi mwa watu. Hapo hakuna tena kurudi kwa maana ya kweli. Kuna kurudi kisha kazi ya siku kadhaa ya kuoanisha risiti. Kwa hiyo saa muhimu usiku ule ni ile kabla mteja wa kwanza hajaruhusiwa kuandika kitu kwenye toleo jipya. Kabla ya hapo unashuka kwa gharama ndogo. Baada yake unalipia kila ngazi.

Mafundi ninaowaheshimu huipanga saa hiyo kwa hesabu ya kurudi, si ya kwenda. Tuseme mazoezi yameonyesha kurejesha data na kuwasha toleo la zamani kunachukua saa mbili na nusu, na kuhakiki nusu saa. Wateja wameahidiwa huduma saa kumi na moja alfajiri. Basi mwisho wa kujaribu ni saa nane usiku, na inaandikwa kwenye orodha pamoja na jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema turudi bila kumpigia bosi aliyelala. Saa nane ikifika na ile shilingi mia ya majaribio haijapita, wanarudi, hata kama mtu wa kampuni anaapa kwenye simu kwamba amebakiza dakika kumi.